Bengamisa: Kwa nini kartushi inakwama ndani ya kalibre 12?

Huko Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Buta, kalibre 12 ni bunduki ya wawindaji. Kartushi ikikataa kuingia, ao ganda likikataa kutoka, wengi wanalaumu bunduki, hata ikiwa mpya. Mara nyingi kosa liko kwingine.

Kwanza, unyevu. Ganda la karatasi ngumu likilowa mvua ya pori linavimba. La plastiki linavumilia zaidi, lakini kitako chake cha chuma kinaweza kushika kutu.

Pili, urefu. Kuko kartushi za milimita 65 na za 70. Kipimo hicho ni cha ganda likiisha kufunguka. Ndiyo maana ya 70 inaweza kuingia bila shida ndani ya bunduki ya 65. Ikilipuka, mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka, nguvu ya moshi inapanda, ganda linakwama, na hata mtutu unaweza kupasuka. Angalia namba iliyochongwa kwenye mtutu mbele ya kununua.

Tatu, masizi na kutu. Pangusa kwa kitambaa na mafuta kidogo, bunduki ikiwa tupu.

Ukifyatua na isilie, usiifungue mbio. Elekeza mdomo pahali hakuna mtu, ngoja dakika moja: baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ikilia kidogo tu, usitie kartushi ingine, kwani mtutu unaweza kuwa umezibwa. Na kartushi nzima iliyokwama haichokolewi na kisu wala musumari. Ni kazi ya fundi mwenye ruhusa.