Kikuza Sauti cha Gitaa la Chuma

Mpigaji wa gitaa la chuma, chombo chenye asili ya Hawaii, hukanyaga pedali ya sauti nusu tu. Uzi ukianza kufifia huizidisha, ili sauti idumu. Hapo kikuza sauti chenye nguvu haba hukwaruza na kuharibu wimbo. Ni lazima kiwe na akiba.

Twin Reverb ya Fender, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa na wati 85 na spika mbili za inchi 12. Sauti yake tamu, lakini kuibeba ni kazi ya hamali! Peavey Nashville 400 ya miaka ya 1980, isiyotumia valvu, ilitoa wati 210 kwa spika moja ya inchi 15, ifaayo nyuzi nene.

Mnunuzi na aende dukani na gitaa lake na pedali yake, asikilize kama uzi mwembamba unachoma masikio.