Pikipiki Ikiitwa Irudi, Mama Usiifiche

Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tumewaachia wanaume, yaani pikipiki. Hapa Bariadi, na Simiyu nzima kuanzia Busega hadi Meatu, ni nani kati yetu hajapanda bodaboda? Ndiyo inayotupeleka sokoni na kanisani. Ndiyo tunayopanda kwenda kliniki tukiwa wajawazito. Katika nyumba nyingi ndiyo inayoleta unga, kwa kuwa baba au kijana wa nyumbani ni dereva.

Siku hizi, pamoja na pikipiki za mafuta tulizozizoea, ziko pia za umeme, zisizonguruma wala kutoa moshi. Majirani zetu wa Rwanda waliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria mjini Kigali ziwe za umeme. Ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu. Lakini kila chombo kina ugonjwa wake, na anayeujua ugonjwa mapema huokoa nyumba.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani alimnunulia kijana wake pikipiki ya umeme kutoka kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Fedha zilitoka kwenye pamba, nyingine kwenye mkopo wa kikundi. Baada ya wiki chache ikaanza kuzima njiani, ingawa betri ilikuwa na chaji. Siku moja ikazima katika barabara kuu ya kwenda Lamadi, lori likiwa nyuma. Dereva wa lori alijitahidi kukwepa, na kijana akaishia mtaroni, mkono umevunjika.

Nilipokuwa nikimfunga ule mkono, nilimwuliza mama kama walikuwa wamemweleza muuzaji. Akajibu kwa sauti ya chini: "Dada, tulisikia kwamba wenye pikipiki za aina hii wanatakiwa wazirejeshe. Tukaona tukiirejesha hatutaiona tena, na rejesho la mkopo bado tunadaiwa."

Jibu lile nililala nalo. Sisi akina mama tunalijua sana neno rejesho. Kwetu ni fedha inayotoka mkononi ikaenda, hata kama watoto hawajala. Si ajabu basi kwamba mtu akiambiwa arejeshe pikipiki, anasikia kwamba ananyang'anywa.

Kurejesha si kunyang'anywa

Kiwanda kinapogundua kwamba bidhaa zake za toleo fulani zina kasoro ya hatari, huwaita wote walionunua toleo hilo wazilete. Kasoro hurekebishwa, au kifaa kibovu hubadilishwa, na gharama ni ya kiwanda. Kisha mwenye mali hurudi nyumbani na mali yake.

Nitoe mfano mmoja. Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani imetengeneza pikipiki tangu mwaka 1903. Mwaka 2019 ilianza kuuza pikipiki ya umeme iitwayo LiveWire, kwa bei ya kuanzia dola 29,799. Mwezi wa Oktoba 2020 kampuni hiyo ilitangaza kuziita pikipiki 1,012 za aina hiyo. Programu ya kompyuta inayosimamia mfumo wa kuchaji ilikuwa na kasoro, na iliweza kuuzima mtambo wote bila kumpa dereva onyo la kutosha. Nyingine zingeweza kukataa kuwaka tena, au kuwaka kisha kuzima baada ya muda mfupi. Dawa yake ilikuwa kuiweka programu mpya, bila malipo.

Tazameni, wapenzi. Pikipiki ya bei kubwa namna ile, ya kampuni yenye zaidi ya miaka mia moja, iliitwa irudi. Hakuna aibu katika kuitwa. Aibu ni kujua na kunyamaza.

Kwa nini kuzima ni hatari

Pikipiki ya mafuta ikiumwa, mara nyingi hukohoa kwanza na sauti hubadilika. Ile ya umeme ina betri, mota, na kompyuta ndogo inayogawa nguvu. Kompyuta ikihisi joto kubwa, waya uliolegea au hitilafu nyingine, inaweza kukata nguvu mara moja. Kwa kuwa chombo chenyewe ni kimya, dereva huenda asitambue mpaka mwendo umeshapungua na gari la nyuma limemfikia.

Mwambie mumeo au kijana wako hivi: nguvu zikikatika, breki bado zipo. Asibabaike. Ashike breki taratibu, atoe ishara, asogee kushoto mpaka nje ya barabara, kisha abiria ashuke na wote wakae mbali na njia. Na tena, pikipiki iliyozima ghafla hata mara moja, huku ikiwa na chaji, isibebe abiria mpaka ikaguliwe. Mama mwenye uchungu asipandishwe kabisa. Kwa dharura ya mjamzito au aliyejifungua, piga namba 115 ya mpango wa m-mama, ambayo ni bure, upatiwe usafiri.

Wito humfikia anayejulikana

Hapa ndipo kazi yetu sisi wanawake inapoanza. Huko Marekani mwenye pikipiki hutumiwa barua kwa anwani iliyo kwenye kumbukumbu. Hapa kwetu pikipiki huweza kununuliwa Mwanza, ikauzwa Maswa, ikafika Bariadi kwa mkono wa tatu, na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza. Kiwanda kikiita, kitamwita yule wa kwanza. Wewe uliyeipanda leo na mwanao mgongoni hutasikia kitu.

Basi, kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto, tunza na karatasi za pikipiki. Weka mahali pamoja risiti, kadi, jina na simu ya muuzaji, na namba ya chesesi, ambayo ndiyo inayotambulisha pikipiki moja kati ya nyingi. Ukinunua iliyotumika, mbadilishe jina la mmiliki TRA. Ukibadilisha namba ya simu, mjulishe muuzaji. Ikizima, andika siku, saa, na chaji iliyokuwa imebaki. Maelezo hayo humsaidia fundi kama historia ya mgonjwa inavyomsaidia daktari. Msiruhusu mtu asiye na ujuzi kufungua betri au kuunganisha waya kwa kubahatisha. Na muuzaji akiwazungusha, iko Tume ya Ushindani (FCC) inayomlinda mlaji, na liko Shirika la Viwango (TBS).

Ng'ombe mwenye kupiga pembe

Sisi tuliokulia karibu na zizi tutaielewa vizuri sheria ya Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hakuhesabiwa hatia kama hakujua tabia yake. Lakini kama alikwisha kuonywa naye asimfunge, hatia ilimwangukia yeye pia. Mungu hakumlaumu mtu kwa kuwa na ng'ombe mkali. Alimlaumu kwa kupuuza onyo. Neno hilo linamhusu mwenye kiwanda, linamhusu muuzaji, na linatuhusu sisi tunaompandisha abiria tukijua.

Yule mama aliipeleka pikipiki kwa muuzaji wiki iliyofuata. Ilikaa huko siku mbili, ikabadilishwa kifaa kimoja, wala hakudaiwa shilingi. Siku mbili tu! Lakini kijana alikaa nyumbani miezi miwili, na marejesho ya mkopo mama aliyalipa kwa kuuza mbuzi wake.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, mwulize baba au kijana: karatasi za pikipiki ziko wapi? Kama hakuna anayejua, anzeni hapo.