Hesabu Zilizomo Katika Mchezo wa Poka

Poka huchezwa kwa karata 52 bila jokari, na katika mtindo wake unaojulikana zaidi, yaani Texas Hold'em wa Marekani, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, na hatimaye moja ya mwisho. Mshindi ni yule ambaye katika karata hizo saba anaweza kuteua tano zilizo bora kuliko za wenzake. Hakuna turufu, wala shupaza haizidi kopa. Kinachopewa uzito ni uadimu. Miongoni mwa mikono 2,598,960 ya karata tano inayoweza kugawiwa, zaidi ya nusu haina hata jozi moja, ilhali mikono ya karata tano za jamii moja zisizofuatana ni 5,108 tu, ndiyo maana mkono wa namna hiyo hushinda jozi mbili na hata karata tatu zinazolingana.

Kabla ya karata za mezani kufunuliwa, na kila baada ya kufunuliwa, huwekwa madau, na mchezaji aliyetanguliwa na dau la mwenzake hana budi kulipa kiasi hicho, kulipandisha, au kutupa karata zake na kuacha alichokwisha kuweka.

Uamuzi huo ndio kiini cha mchezo. Mwenye kopa mbili mkononi, na nyingine mbili zikiwa mezani kati ya zile tatu za kwanza, hajaona karata 47, na tisa kati yake ni kopa, ambazo yoyote itamkamilishia karata tano za jamii moja. Akitakiwa kulipa shilingi 100 ili kuwania kitita cha shilingi 400, basi kwa kutazama karata inayofuata peke yake, katika kila mara 47 atapata mara tisa, ambazo ni shilingi 3,600, na kukosa mara 38, ambazo ni shilingi 3,800. Hivyo hasara ipo, ingawa ndogo. Kitita kikiwa shilingi 500, hesabu hugeuka kuwa faida.

Geresha, yaani kuweka dau kubwa kwa karata dhaifu ili wengine watupe zao, hufaulu zaidi pale inapolingana na namna mchezaji alivyoweka madau tangu mwanzo. Anayeshtuka mwishoni na kurusha fedha nyingi huaminiwa na wachache. Katika kasino, wenye nyumba kwa kawaida hawashindani na wachezaji wa poka bali hukata ada katika kitita, kwa hiyo watu wenye ujuzi uliolingana, wakicheza kwa muda mrefu, wote hupungukiwa.