Je, Wajua? Vita Vilivyowazidi Watunzi wa Riwaya

Sogea kidogo kwenye benchi, maana leo hapa Kolandoto tuna la kucheka na la kushika kichwa. Dunia inawasifu watunzi wa riwaya za kuchekesha kuhusu wanajeshi na upuuzi wa vita. Ukisikia yaliyotokea kweli kuanzia huku Usukumani hadi Unguja, utajiuliza watunzi hao walibakiwa na nini cha kubuni.

Je, wajua kwamba vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Unguja? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilianza kulipiga kasri la Sultani saa 3:02 asubuhi, na saa 3:40 mambo yalikuwa yamekwisha. Dakika 38! Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Je, wajua Sayyid Khalid bin Barghash, Sultani aliyepigiwa vita hivyo, aliponyokaje? Alijificha kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani, huku nje Waingereza wakimvizia wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Unguja. Wajerumani wakangoja maji yajae, mashua ikasogezwa hadi ubalozini, naye akapanda bila kukanyaga hata chembe ya mchanga wa nje!

Je, wajua kisa cha marafiki wawili wa Ziwa Nyasa? Agosti 1914 nahodha Mwingereza, Rhoades, alikwenda na meli yake Gwendolen hadi Liuli, akaifyatulia mzinga meli ya Wajerumani iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha Mjerumani, Berndt, mnywaji mwenzake wa siku nyingi, akaja kwa mtumbwi akifoka: umelewa? Maskini, habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Alizipata pamoja na kutekwa.

Je, wajua kwamba nyuki waliwahi kuvuruga jeshi zima? Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya watetezi wapatao 1,000. Risasi zikapasua mizinga ya nyuki, na nyuki hawakuuliza nani Mwingereza nani Mjerumani. Baadaye ukavuma uvumi kwamba Wajerumani walikuwa wamewafunza!

Unajua Waingereza walivyoondoka? Mbio! Waliacha ufukweni bunduki 455 na risasi zaidi ya nusu milioni. Wajerumani, waliokuwa na njaa ya silaha, wakaokota na kuendelea kupigana na hao hao waliowaletea.

Je, wajua kwamba pigano hilo la Tanga limo kwenye riwaya? William Boyd, aliyezaliwa Accra, alitoa *An Ice-Cream War* mwaka 1982. Humo mkulima mmoja Mmarekani anaingia vitani na jambo moja kubwa moyoni: kuipata tena mashine yake ya kuchakata mkonge iliyochukuliwa na jirani yake Mjerumani. Dola zinagombania bara, yeye anataka mashine yake!

Je, wajua kwamba boti mbili za kivita ziliwahi kupanda milima? Mwaka 1915 boti hizo za Waingereza, zilizoitwa Mimi na Toutou, zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, kisha zikapanda treni, zikakokotwa porini kwa trekta za mvuke na mamia ya ng'ombe hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba zikateka meli ya Wajerumani Kingani. Mkuu wao, Spicer-Simson, alikuwa ametaka ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wake London wakakataa.

Ngoja, bado yuko! Spicer-Simson huyo huyo aliongoza vita akiwa amevaa sketi. Mwaka 1916 alifika mbele ya ngome ya Wajerumani huko Kasanga, akaona mizinga, akageuza boti zake. Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Ngome ilipotekwa ikaonekana ile mizinga ilikuwa ya miti!

Je, wajua meli ya kivita iliyozikwa ikafufuka? Graf von Götzen ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa hadi Kigoma kwenye makasha 5,000. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, nayo ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na dagaa kwa miaka mingi hata baada ya falme zilizoigombania kuondoka.

Je, wajua kwamba kisa hicho kilimpa mtu tuzo ya Oscar? C. S. Forester alikitumia kutunga *The African Queen* mwaka 1935, na filamu yake ikatoka 1951, ikiwa imepigwa Uganda na Kongo. Wapiga picha na waigizaji waliugua matumbo kwa maji mabaya. Humphrey Bogart alisema yeye alinusurika kwa sababu alikunywa whiski tu, kisha akabeba tuzo ya mwigizaji bora!

Na ninyi wa Geita, mnaoijua dhahabu, mwajua kwamba mwaka 1916 Tabora ilifua sarafu zake za dhahabu? Wajerumani walizibwa njia za baharini, pesa zikawaishia. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakatengeneza sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Sarafu ndogo zilifuliwa kwa shaba, nyingine ikitoka kwenye maganda ya mizinga: unapiga adui asubuhi, jioni unanunulia mihogo!

Je, wajua kwamba taasisi ya utafiti wa kilimo ya Amani, Usambara, iligeuka kiwanda cha vita? Ilitoa sabuni, dawa ya meno, chokoleti, na chupa 15,200 za whiski na vileo vingine. Watu walikuwa wamezingirwa kila upande, lakini meno safi na glasi imejaa.

Je, wajua jeshi lililojiondokea? Februari 1917 Kapteni Mjerumani, Max Wintgens, aliuacha mstari wa kusini bila kuagizwa na mkuu wake, akaelekea kaskazini na kikosi chake. Taifasi ikamwangusha, akajisalimisha karibu na Tabora mwezi Mei. Naibu wake, Naumann, akaendelea kuzunguka hadi Ikoma na karibu na Moshi, maelfu wakimfukuza, mpaka Oktoba alipokamatwa upande wa Kondoa.

Je, wajua puto lililogeuza njia angani? Novemba 1917 puto kubwa la Wajerumani, L59, liliruka kutoka Bulgaria na tani 15 za vifaa kwa ajili ya jeshi lao huku kwetu. Halikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na bandeji. Lilipofika juu ya Sudan likaitwa nyuma, nalo likatua lilikotoka baada ya saa 95. Hakuna aliyepata hata bandeji moja.

Utaamini hili? Jenerali Smuts, wa upande wa Waingereza, ndiye aliyempelekea adui yake, Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, habari kwamba Ujerumani imemtunuku nishani ya juu, na pongezi juu! Baada ya Vita vya Pili, Lettow alipokuwa na njaa, Smuts huyo huyo akamtumia vifurushi vya chakula.

Je, wajua kwamba Vita Kuu viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini huku viliisha tarehe 25? Tarehe 13 Lettow aliuteka mji wa Kasama, vita vikiwa vimekufa siku mbili kabla. Alijisalimisha Abercorn, leo Mbala, Zambia, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168.

Sasa shika kichwa. Wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Uingereza pekee walikufa, wengi kwa magonjwa na uchovu, wakibeba mizigo ya ugomvi usiowahusu.

Na walionusurika walifanyaje? Walicheza! Ngoma ya beni ilienea Tanganyika kwa miguu ya askari na wapagazi: watu wakapeana vyeo vya Kingi na Jenerali, wakavaa sare, wakapiga gwaride kwa tarumbeta. Kejeli hiyo ilitangulia riwaya za Boyd na wenzake kwa miaka na miaka.

Je, wajua wafungwa wa Vita vya Pili waliotoroka ili warudi? Mwaka 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, wawili wakafika kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya na kusimika bendera. Ramani yao moja ilikuwa karatasi ya kopo la nyama. Wakarudi wenyewe kambini, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7 kwa kuvutiwa na ujasiri wao!

Je, wajua kwamba Idi Amin alijigamba kuteka Kagera kwa dakika 25? Hiyo ilikuwa 1978. Kisha akapendekeza vita viamuliwe kwa ndondi, yeye na Mwalimu Nyerere ulingoni, Muhammad Ali akiwa refa. Mwalimu hakuvaa glavu: Aprili 1979 wanajeshi wetu walikuwa Kampala.

Na hapa jirani Mwanza? Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kuupiga mji huo ili Nyerere amwachie Amin. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama. Waliouawa ni swala!

La mwisho, nalo ni la Mwanza. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Lettow mishahara waliyokuwa wakiidai tangu vita. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, wachache tu wakiwa na vyeti. Kila asiye na cheti akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na baada ya miaka 46 hakuna hata mmoja aliyekosea! Haya, wewe uliyeketi hapo: namba yako ya mtihani wa darasa la saba unaikumbuka?