Je, Maximus Aliwahi Kuishi?

Kibanda cha video kikionyesha Gladiator, iwe Kitale au Bungoma, mabishano huanza kabla hata watu hawajainuka kwenye mabenchi. Mmoja huapa kwamba Maximus alikuwa jenerali wa kweli na jina lake limo vitabuni. Mwingine hujibu kwamba hayo yote ni maneno ya Hollywood. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mdogo wao, huwa amenuna tu kwa sababu staringi amekufa, na kila aliyekulia kwenye video anaijua sheria: staringi hafi.

Vijana kadhaa walioitazama waliniletea kesi hiyo niiamue. Niliyowajibu ndiyo haya, na ninyi mnaosoma nawaongezea yale ambayo siku ile muda haukutosha kuyasema. Wadogo niwaambie mapema: filamu hiyo ina damu nyingi. Kama hamjafika umri wake, simulizi hii itawatosha kwa sasa.

Maximus hakuwahi kuishi. Jina lake refu la Maximus Decimus Meridius, mke na mtoto waliouawa, shamba lake kule Uhispania, vyote vilitungwa na waandishi wa filamu hiyo, ambayo Ridley Scott aliiongoza na ikatoka mwaka 2000. Lakini waliomzunguka walikuwako. Kaisari mzee, Marcus Aurelius, alikuwako. Mwanawe Commodus alikuwako. Lucilla, dada yake Commodus, naye alikuwako. Huo ndio ujanja wa filamu za aina hii: mtu wa kubuni anaketishwa katikati ya watu wa kweli, nasi tunashindwa kuuona mshono.

Katika filamu, Marcus anataka kumwachia Maximus madaraka ili Roma irudi mikononi mwa Seneti. Commodus akisikia hivyo anamkumbatia babake kwa uchungu, anambana kifuani mpaka mzee anakata roho. Watu hulia pale. Ila haikuwa hivyo. Marcus alifariki tarehe 17 Machi mwaka 180, akiwa vitani huko kaskazini karibu na mto Danube, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba kilichomwua ni ugonjwa. Wala Commodus hakuhitaji kumwua baba ili apate kiti, maana kiti alikuwa amekwisha kukipata. Babake alimfanya Kaisari mwenzake mwaka 177, akiwa kijana wa miaka 15, umri wa mwanafunzi wa shule ya upili.

Mkiniuliza mimi, ukweli huu unauma kuliko filamu. Marcus aliandika maneno ya kujiasa nafsi yake ambayo dunia inayasoma hadi leo. Akasifiwa kwa busara, akapendwa na maseneta na askari. Na ni yeye huyo huyo aliyemkabidhi mtoto asiyefaa milki iliyoenea kutoka Uingereza hadi Shamu. Filamu ilimfutia lawama hiyo. Ilimfanya aonekane baba aliyeyaona makosa ya mwanawe mapema akajaribu kuyazuia, na hilo Marcus wa kweli hakulifanya.

Haya, na je, Kaisari aliingia kweli uwanjani kupigana mbele ya watu? Hapa filamu imesema kweli, tena imesema kidogo. Yuko mtu aliyeyaona kwa macho yake. Jina lake Cassius Dio, seneta kijana siku zile, mzaliwa wa Nicaea, mji ambao leo uko Uturuki. Miaka ilipopita akaandika historia ya Roma kwa Kigiriki, vitabu 80. Anatuambia kwamba Commodus alijiita Hercules. Hadharani alipigana kwa upanga wa mbao, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumshinda, halafu kwa kila siku ya mapambano akajilipa sarafu za sesterti milioni moja kutoka kwenye mfuko wa magladieta. Wanyama aliwaua kwa mkono wake mwenyewe: viboko, tembo, vifaru, hata twiga. Fikirini safari ya huyo twiga kutoka bara letu, avushwe jangwa na bahari, auawe mchana mmoja ili watu wapige makofi.

Sasa sikilizeni kisa cha mbuni, kwa sababu hakimo katika filamu na ningependa kingekuwemo. Siku moja Commodus alimwua mbuni, akamkata kichwa, akaja nacho mpaka pale walipoketi maseneta. Kichwa cha mbuni mkono wa kushoto, upanga wenye damu mkono wa kulia. Hakutamka neno. Alikitikisa tu kichwa chake mwenyewe huku akikenua meno, na kila seneta akaelewa: wewe nawe naweza kukufanyia hivi. Dio anasema badala ya uchungu, walishikwa na kicheko. Na kucheka kulikuwa kifo. Basi Dio akachuma majani kwenye taji la majani alilovaa kichwani, akayatia kinywani akayatafuna, akawanong'oneza waliokaa karibu naye wafanye vivyo hivyo, ili midomo ionekane ina kazi nyingine. Zaidi ya miaka 1,800 imepita, na bado tunaziona taya za wazee wale wenye heshima zikitafuna majani kwa nguvu zote ili wasife.

Lakini ngojeni. Huyo Dio alikuwa seneta, na Commodus aliwaua maseneta. Adui yako akiandika habari zako, hataandika mazuri. Tena vitabu vyake vya miaka hiyo havikutufikia vizima; tunachokisoma ni muhtasari ulioandikwa na mtawa aitwaye Xiphilinus katika karne ya 11. Sisemi Dio alisema uongo. Nasema tumjue alikuwa ameketi wapi alipokuwa akitazama.

Mambo mengine ya filamu niyapitie upesi. Lile dole gumba la Kaisari, likielekezwa chini mtu anachinjwa, likielekezwa juu anaokoka, halina ushahidi wa wazi kutoka kwa Waroma. Lilienezwa na picha iliyochorwa na Mfaransa Jean-Léon Gérôme mwaka 1872. Ridley Scott aliiona picha hiyo ikamvutia. Wala magladieta hawakufa wote kila siku. Kumlisha na kumfundisha mmoja kulikuwa gharama kubwa, na mwenye mali hapendi mali yake ipotee. Chakula chao hakikuwa nyama kama mnavyodhani: waliitwa walaji wa shayiri, na mifupa yao iliyochimbuliwa Efeso, Uturuki, imeonyesha kwamba walikula hasa nafaka na jamii ya kunde. Mtoto wa Trans Nzoia aliyekula githeri ya mahindi na maharagwe angekaa mezani pao bila kulalamika.

Tufike mwisho wa Commodus. Filamu inamwua uwanjani, Maximus akimdunga kisu shingoni mbele ya umati. Commodus wa kweli alikufa ndani ya nyumba usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka 192, baada ya kutawala peke yake miaka 12. Watu wake wa karibu walipanga njama, akiwemo suria wake Marcia, aliyempa sumu. Akaitapika. Ndipo wakamwita Narcissus, mpiga mieleka aliyekuwa akifanya mazoezi naye, akamnyonga. Andiko la kwanza kabisa la filamu lilimpa staringi jina hilo la Narcissus, kisha likabadilishwa. Kwa hiyo aliyebisha kwamba jina la staringi limo vitabuni alikuwa na robo ya haki.

Na Roma haikurudi kwa Seneti kama filamu inavyotuachia tuamini. Pertinax alipewa kiti, akauawa na walinzi wa Kaisari kabla ya miezi mitatu kuisha. Walinzi hao hao wakakinadi kiti cha enzi kama ng'ombe mnadani, na tajiri mmoja, Didius Julianus, akakinunua. Naye hakumaliza mwaka. Aliyeibuka mshindi wa vurugu hizo ni mwana wa Afrika, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, mji ambao magofu yake yako Libya. Alitawala kutoka mwaka 193 hadi 211. Gladiator ya pili, iliyotoka mwaka 2024, inawaonyesha wanawe wawili, na yule Macrinus anayeigizwa na Denzel Washington alikuwa mtu wa kweli pia, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Algeria, Kaisari wa mwaka 217 hadi 218. Mambo mengi aliyofanyiwa katika filamu ni ya kubuni, lakini Afrika yake si ya kubuni.

Nilipofika hapo, msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza, "Kuka," yaani babu, "na sisi hatuna vita vya kutengenezewa filamu?"

Tunavyo, mjukuu wangu. Ukipanda matatu Kitale ukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, ukifika Webuye utaviona vilima vya Chetambe. Juu kule kulikuwa na ngome ya Watachoni, imezungukwa na handaki lililochimbwa kwa mikono. Wazee wetu waliishi ndani ya kuta za udongo, chingoba, kwa sababu maadui walikuwa wengi. Mwaka 1895 alikuja adui wa namna nyingine.

Chanzo kilikuwa bunduki. Askari Wasudani wa Waingereza walitoroka kazi, na bunduki zikaishia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kidogo kilichotumwa kutoka Mumias kwenda kuzidai kikaangamizwa. Ndipo Charles William Hobley, ofisa wa Waingereza aliyekaa Mumias, alipopanga jeshi la kulipiza kisasi. Msidhani lilikuwa jeshi la wazungu watupu. Walikuwamo Wasudani, Waganda, Wamaasai, na Wawanga wa Nabongo Mumia, jirani zetu kabisa. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Waliookoka wakakimbilia Chetambe, na huko Wabukusu na Watachoni wakapigana mpaka nguvu zikawaishia. Watu wengi waliuawa, mifugo ikaswagwa, mateka wakachukuliwa.

Sasa yaleteni maswali yale yale tuliyomwuliza Dio. Nani alisimulia, na alikuwa ameketi wapi? Hobley mwenyewe aliandika kitabu kuhusu miaka yake Kenya, kikachapishwa mwaka 1929, na vita hivi vimo. Ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na ni ushahidi wa aliyeshinda. Kwa upande wa pili, profesa Gideon Were alizunguka kwa wazee wa Magharibi akikusanya masimulizi yao, na mwaka 1967 akachapisha historia ya Abaluyia. Someni huyu, kisha msome yule. Walipopishana, simameni hapo mtafakari. Hapo ndipo penye kazi.

Tena tuna shahidi ambaye Roma ingemwonea wivu. Mzee wa heshima akifariki miongoni mwa Wabukusu, Bungoma au Trans Nzoia, baada ya mazishi huja omuswala kumuse. Huvaa vazi lake maalumu, hushika fimbo, hutembea katikati ya waombolezaji waliokaa, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza njia. Anasimulia tulikotoka, kuanzia Misri kama wazee wanavyoamini, anataja koo, vita, njaa, marika ya waliotahiriwa. Si kila mtu anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Huwa ya koo fulani tu. Nimewaona vijana wakati huo wakiwa nyuma ya nyumba na simu mkononi, wakitazama filamu za nchi nyingine. Huniuma. Filamu hiyo itakuwepo kesho na keshokutwa. Mzee yule hatakuwepo siku zote.

Simwambii mtu aache kutazama Gladiator. Mimi nimeitazama na nitaitazama tena, kwa sababu ilinifanya niwatafute Marcus na Dio, na bila hiyo pengine nisingewatafuta. Nawaomba tu udadisi ule ule muupeleke kilimani Chetambe. Mkiwa Kitale, ingieni kwenye jumba la makumbusho, lililoanzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926 na ambalo ndilo la kwanza nchini mbali na pwani na Nairobi. Mtaona vifaa na nyumba za watu wa huku, si mapambo ya sinema.

Kisha chukueni daftari. Nendeni kwa kuka na kukhu wenu, yaani babu na bibi, muwaulize familia ilikuwa wapi wakati wa Chetambe: ndani ya ngome, nje yake, au katika jeshi lililoizingira. Andikeni jina la anayesimulia, tarehe mliyomsikiliza, na jina la aliyemsimulia yeye. Ulizeni na wa ukoo mwingine, hata kama anasema tofauti. Anzeni likizo hii.