Chungu cha Mbwa: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia nilieleza kwa nini mji wenye ng'ombe hapa Nkende, Tarime, haukosi mbwa, na kwa nini, katika nchi ambayo wizi wa mifugo ulikithiri hata Tarime na Rorya zikafanywa mkoa wa kipolisi peke yake, mwenye zizi humthamini mbwa abwekaye usiku wa manane kuliko kufuli. Baadaye jirani mmoja, baada ya kunisomea makala yangu mwenyewe kwa sauti kana kwamba si mimi niliyeyaandika, aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliruka: mlinzi huyo anakula nini, na nani humchagulia? Nikaona haya kidogo, maana nilikuwa nimemsifu mfanyakazi bila ya kuutaja ujira wake.

Sina budi kwanza kukiri nilikotoka. Mimi ni mzaliwa wa pwani, na sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii tulifundishwa tangu utotoni kwamba chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa kwetu alikaa nje ya ua, na maakuli yake yalikuwa jambo la jaani, si la jikoni. Lakini maalimu yuleyule aliyetuhimiza kuosha chombo ndiye aliyetusomesha kwamba katika Suratul Maida windo la mbwa aliyefunzwa limehalalishwa, na ndiye aliyetusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo akaghufiriwa. Basi nilipohamia huku bara nikakuta mbwa ana chungu chake rasmi, mshangao wangu haukudumu. Nilihakikisha tu kwamba chungu hicho hakikaribiani na changu.

Chungu chenyewe nitakieleza kama nilivyokiona kwa mama mmoja ambaye shamba lake linapakana na langu. Ni sufuria iliyong'oka mkono mmoja, nyeusi nje na ndani, isiyoingia kabisa katika hesabu ya vyombo vya nyumba. Jioni, ugali wa watu ukishaepuliwa, mama huyo hukwangua ukoko uliosalia, akautia katika sufuria hiyo pamoja na maji, konzi mbili za pumba za mahindi, na kile anachokiita vumbi la dagaa, yaani vichwa na vipande vinavyobaki chini ya gunia baada ya dagaa wazima kwisha. Dagaa hao hutoka ziwani, upande wa Musoma, na kwa kuwa wengi wao huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, vumbi lao huja na mchanga mwingi kuliko samaki. Kwa hiyo yeye hulipepeta kwanza, halafu hulimwagia maji katika bakuli, akangoja mchanga utuame, ndipo achote cha juu. Nilipomwuliza kwa nini ajisumbue hivyo kwa ajili ya mbwa, alijibu bila ya kuinua macho, "Mwalimu, mchanga si kitoweo cha mtu yeyote." Uji huo huchemka hata ukawa mzito, ukaachwa upoe, na mama akaujaribu kwa kidole. Jike anyonyeshaye hulishwa wa kwanza, mbali na wenzake, na msimu wa maziwa mengi huongezewa kikombe cha maziwa ya mgando. Sijapata kuona daftari la kitaalamu lililopangwa kwa busara zaidi ya hiyo.

Wako watu wa mjini wanaoamini kwamba kumlisha mbwa ugali ni kumdhulumu, kwa hoja kwamba asili yake ni mbwa mwitu wa nchi za baridi, na mbwa mwitu halimi mahindi. Hoja hiyo ina sura nzuri, ila imepitwa na ithibati. Mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala, huko Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walitangaza kwamba mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza amilesi, kile kimeng'enya kinachoyeyusha wanga, hali mbwa wa nyumbani ana nakala kati ya 4 na 30. Maana yake ni kwamba mbwa, katika maelfu ya miaka aliyokaa pembezoni mwa meko ya wakulima akingoja kitakachodondoka, amebadilika tumbo kama alivyobadilika tabia, na ugali si mgeni katika mwili wake. Lakini ugali mtupu haujengi nyama wala manyoya. Mtoto wa mbwa aliyelelewa kwa ukoko na maji huonekana kwa mbali, ana tumbo kubwa, mbavu za kuhesabika na manyoya yaliyofifia. Vumbi la dagaa la yule mama, analolitia kwa desturi tu, ndilo lipelekalo katika sufuria protini, shahamu na chokaa ya mifupa.

Chakula cha mfuko nacho kimefika. Maduka ya dawa za mifugo mjini hukiuza, na kijana mmoja wa jirani yetu, aliyejipatia mbwa wa kizungu mwenye masikio ya kusimama, alikinunua kwa kilo kutoka katika gunia lililokuwa wazi mlangoni mwa duka. Mbwa akakipenda mno, hata akaususia ugali. Mwisho wa mwezi ulipofika na mfuko wa kijana ukatoboka, mbwa alifunga siku mbili kamili akiutazama ugali kama mtu aliyetukanwa. Siku ya tatu aliula wote na kulamba bakuli. Kijana husimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini mwanzoni, asema, alikuwa karibu kwenda kukopa.

Ajabu ni kwamba hicho chakula cha mfuko, ukifuatilia nasaba yake, nacho ni mtoto wa makombo. Inasimuliwa kwamba James Spratt, Mmarekani wa Ohio aliyekwenda London kuuza vyuma vya kukingia radi, aliwaona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, na hapo, karibu na mwaka 1860, akapata wazo la kuoka biskuti za mbwa kwa ngano, mboga na nyama. Biashara ikamtajirisha. Na anayedhani kwamba mfuko uliopigwa chapa ni amana isiyovunjwa, na akumbuke mwaka 2007, ambapo paka na mbwa wengi wa Marekani waliharibika figo kwa kula chakula cha viwandani kilichotiwa unga wa ngano kutoka China, uliochanganywa na melamini ili uonekane una protini nyingi. Simkatazi mtu kununua. Namwomba tu anuse gunia kwanza, maana chakula kikavu kilichoachwa wazi katika unyevu wa masika hupatwa na lile lile linalopata mahindi.

Na hapo ndipo nifikapo kwenye jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mbwa aitwaye Shida, mwekundu, mwembamba, asiyepata kumwuma mtu ila mara moja na kwa haki. Mwaka ule mvua ilichelewa kukatika, mahindi yakavunwa mabichi, na mchuuzi mmoja akaniuzia madebe kadhaa kwa bei ya kutupa, akiniambia kwa uaminifu kabisa kwamba hayo ni mahindi ya mbwa. Yalikuwa na rangi ya kijani kidogo penye kiini, na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Niliyasaga, nikampikia Shida majuma matatu mfululizo. Alianza kwa kukataa chakula, halafu akatapika, halafu nikiinua mdomo wake nikaona fizi zimekuwa manjano kama bizari. Siku ya mwisho choo chake kilikuwa cheusi kwa damu. Bwana mifugo nilipompelekea habari aliniuliza swali moja tu, kuhusu mahindi, na nilipomjibu alinyamaza.

Sumu iliyomwua siku hizi huitwa sumukuvu. Huzalishwa na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa bila ya kukauka, nayo huharibu ini. Dunia ilianza kuitambua mwaka 1960, pale bata mzinga wapatao laki moja walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Lakini mbwa walikuwa wametangulia kutoa ushahidi, maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ini uliokuja kugunduliwa kuwa umetoka katika chakula chao. Afrika Mashariki nayo haikusalimika: mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa kwa sumu hiyo Nairobi, Mombasa na Eldoret. Kupika hakuiondoi, na hilo ndilo wengi wasilolijua, kwani moto unaoua ukungu huiacha sumu yake palepale.

Mbwa hutangulia kudhurika kwa sababu yeye hana siku ya wali wala siku ya ndizi. Alacho Jumatatu ndicho alacho Jumapili. Lakini ghala ni moja. Mwaka 2004 huko Ukambani nchini Kenya, Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ukaingia Dodoma na Manyara. Ndiyo maana neno "mahindi ya mbwa" sasa hunitia hofu kila nilisikiapo sokoni, kwa kuwa debe lile lile, mwezi wa njaa ukifika, hubadilishwa jina.

Tutoke ghalani twende machinjioni. Mkurya, mwenyeji wa huku, hapotezi kitu katika ng'ombe. Hata maji ya tumboni hutengenezwa kichuri, na ni adabu kwa mgeni kukionja, nami nimekionja. Kinachobaki kwa mbwa ni kidogo, na aghalabu huwa pafu au kipande cha ini kilichoonekana kibaya. Mzee mmoja, jirani yangu wa upande wa juu, alikuwa na desturi kila mnyama achinjwapo nyumbani kwake ya kulipapasa pafu kwa kiganja. Penye uvimbe hukata kipande, akawatupia mbwa. Siku moja nilikuwapo. Uvimbe ulipasuka kwa kisu, yakatoka maji maangavu kama ya kisimani, na ndani yake chembe laini mithili ya mchanga. Mbwa wawili walikwisha lipokea kabla halijafika chini.

Chembe hizo kila moja ni kichwa cha tegu. Wakiingia tumboni mwa mbwa, katika majuma sita au saba hukua wakawa minyoo wadogo wasiozidi milimita chache, pengine maelfu kwa maelfu, na mbwa asionekane kuumwa hata kidogo. Mayai yao hutoka na kinyesi, yakasambaa katika majani alapo ng'ombe na mbuzi, katika maji, katika mchicha wa bustani, na katika manyoya ya mbwa apapaswaye na mtoto. Mtu akiyameza, kifuko cha maji huanza kukua katika ini lake au pafu lake taratibu, miaka mingi, hata siku tabibu akalazimika kumpasua. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya wameteseka kwa maradhi haya kuliko karibu watu wote wa dunia, hata shirika la afya la AMREF likaanzisha huko kazi ya kuyadhibiti mwaka 1983.

Nilimweleza mzee haya yote tumekaa kwenye gogo, kwa urefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, akiniita kijana kwa Kikurya, "Mura, unataka kuniambia mbwa wangu ananirudishia pafu langu?" Nikamwambia ndivyo hasa. Dawa yake si ngumu: kufukia kirefu, au kuchemsha pafu zima muda wa nusu saa kamili, na mbwa kunyweshwa dawa ya tegu kwa ratiba atakayoipanga bwana mifugo.

Kuhusu tunu ndogo ndogo nitapita upesi. Mfupa mbichi wa ng'ombe, mkubwa usiomezeka, ni furaha halali. Mfupa wa kuku uliopikwa hukatika kama kigae na kuchoma utumbo. Mchuzi wenye vitunguu vingi huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na chokoleti za wageni wenye ukarimu ni sumu. Wala si lazima tunu iwe ya kuliwa: wilayani Serengeti, kikosi cha mbwa wa kunusa kilichoanzishwa Grumeti mwaka 2018 kufichua nyara na silaha za majangili kina mbwa waliofunzwa kwa mtindo ambao mshahara wa kazi aghalabu ni kurushiwa mpira. Nilipomsimulia yule kijana wa mbwa wa kizungu, alisema laiti angalijua mapema.

Mbwa asiyeshiba nyumbani hujitafutia, na huku kwetu kujitafutia humaanisha kuvuka mpaka wa shamba, kukutana na mbwa wa vijiji vingine, fisi na bweha, na kubadilishana nao maradhi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, uliua karibu thuluthi ya simba wa Serengeti, wapatao elfu moja. Habari hiyo, pamoja na ya kichaa cha mbwa na chanjo yake, naiwekea nafasi yake juma lijalo, Mungu akipenda.

Yule mzee nilimpitia juzi. Alikuwa ameteleka debe la bati nyuma ya zizi, pafu likitokota, na mbwa wake wawili wameketi mbali kidogo. Nikamwuliza kama wamelizoea. "Wanalila," akasema, "lakini kwanza wananitazama mimi, kama watu waliouziwa nyama ya jana."