Gari la umeme kwenye njia ya Bwera: piga hesabu kabla ya kukopa

Na Mwandishi Wetu, Kasese

Kila dereva wa gari la kukodi anayeondoka Kasese alfajiri kwenda Bwera anaijua kwa moyo hesabu moja, nayo ni petroli ya kwenda na kurudi. Ikipanda bei, abiria hawaongezi nauli na mwenye mzigo wa samaki au unga hamsubiri mtu. Faida huliwa kwenye tangi kabla jua halijachomoza.

Ndiyo maana habari za magari na pikipiki za umeme zinasikilizwa kwa makini siku hizi, kuanzia steji za bodaboda mjini Kasese hadi kwenye maegesho ya Mpondwe, hatua chache kutoka daraja la mto Lhubiriha. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni uzinduliwe mwaka 2021, wenye magari wana sababu ya kufikiria chombo kipya. Swali ni kipi, na kwa mkopo wa nani.

Makala haya hayamwambii mtu anunue au asinunue. Yanampa mfanyabiashara na dereva hesabu ya kufanya kwa kalamu kabla hajapeleka hati ya kiwanja kwenye SACCO. Mali bila daftari huisha bila habari, na mkopo bila daftari huisha vibaya zaidi.

Umeme uko karibu

Tuanze na yanayotia moyo. Milima ya Rwenzori inatupa umeme wa maji pande zote mbili za mpaka. Upande wa Uganda kuna mitambo ya mto Mubuku, ukiwemo wa Bugoye wenye megawati 13 uliofunguliwa mwaka 2009, na ule wa mto Nyamwamba ulioanza mwaka 2018. Upande wa Kongo, Hifadhi ya Virunga ilifungua mtambo wake wa kwanza Mutwanga mwaka 2013. Petroli yetu husafiri kutoka bandari za Kenya na Tanzania, lakini umeme unazalishwa hapa hapa kwenye miteremko.

Kwa mfano tu, tuchukue petroli kuwa shilingi 5,000 kwa lita na yuniti ya umeme wa nyumbani kuwa shilingi 780. Wewe weka bei ya siku unayosoma.

Gari dogo la petroli, likiwa na abiria na mizigo, hutumia takriban lita 7.5 kwa kilomita 100. Hizo ni shilingi 37,500. Gari dogo la umeme hutumia kama yuniti 16 au 17 kwa umbali huo, na ukihesabu unaopotea wakati wa kuchaji, utalipia kama yuniti 19. Hizo hazifiki shilingi 15,000. Unaokoa zaidi ya shilingi 22,000 kila kilomita 100.

Bodaboda ya kawaida hunywa kama lita 2.2 kwa kilomita 100, yaani shilingi 11,000. Ya umeme, ikichajiwa nyumbani, hutumia kama yuniti 4, ambazo ni kama shilingi 3,100. Unabakiwa na karibu shilingi 8,000.

Hadi hapo umeme umeshinda. Lakini hesabu haijaisha.

Betri ya mtumba ina umri

Gari la umeme la bei nafuu linalofika kwetu mara nyingi ni Nissan Leaf iliyotumika Japani. Lilianza kuuzwa mwaka 2010 likiwa na betri ya yuniti 24. Baadaye ikaja ya 30, na kuanzia mwaka 2017 ikaja ya 40. Kwa macho magari hayo yanaweza kufanana, na muuzaji atakuambia yote ni Leaf. Kwa dereva wa njia ya Bwera ni vyombo vitatu tofauti kabisa.

Betri ya gari hili hupozwa na hewa tu, haina mfumo wa maji wa kuipoza, na kila mwaka hupoteza sehemu ya nguvu yake, hasa kwenye joto. Kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji, kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Kipande cha kwanza hupotea betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15. Vinavyofuata hupotea kila inapopungua kama asilimia 6 nyingine. Gari lenye vipande 9 limebakiwa na kama asilimia 70 tu ya uwezo wake wa mwanzo.

Sasa peleka hayo barabarani. Kutoka Kasese hadi Bwera ni takriban kilomita 50, kwenda na kurudi ni 100. Leaf ya yuniti 24 yenye vipande 9 ina umeme wa kutumika kama yuniti 15. Huo utakupeleka kilomita 90 na kitu, kisha gari lizime. Ukitaka akiba kidogo ya tahadhari, umebakiwa na kilomita 80. Maana yake utafika Bwera salama, na kurudi utaishia Kikorongo au katikati ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, mahali ambapo tembo huvuka barabara jioni na hakuna duka la kuomba soketi.

Leaf ya yuniti 30 yenye betri nzuri itakwenda na kurudi, lakini bila ziada kubwa. Ya yuniti 40 yenye betri nzuri itakwenda kilomita 170 au zaidi na akiba ikabaki. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa njia hii ni hii: ya yuniti 24 ni gari la mjini. Inafaa kwa anayezunguka Kasese, Kilembe, Hima na kurudi nyumbani kulala. Haifai kwa anayeishi kwa nauli za Bwera, isipokuwa awe na mahali pa uhakika pa kuchaji kule kule kwa saa kadhaa.

Unachaji wapi, na kwa muda gani?

Soketi ya kawaida ya nyumbani huingiza kama yuniti 2 na kidogo kwa saa. Kurudisha umeme wa safari moja ya Kasese na Bwera kunachukua saa nane hivi. Hiyo ni kazi ya usiku. Mwenye gari la petroli anaweza kupiga safari mbili siku ya soko. Wewe, bila chaja ya haraka, utapiga moja. Pato la ile safari ya pili lazima uliondoe kwenye hesabu ya akiba yako.

Pia nyumba yenyewe iangaliwe. Waya mwembamba wa mpangaji, wenye viungo vya gundi ya plastiki, haukutengenezwa kubeba mzigo mzito usiku kucha. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aweke waya na soketi ya gari peke yake. Usitumie waya wa kuunganisha unaotumika kwa redio na pasi. Na kwa kuwa umeme hukatika, jiulize mapema: usiku usipokuwepo, kesho nitakula nini?

Pikipiki na betri ya kubadilishana

Kwa wengi wetu chombo cha kwanza cha umeme kitakuwa pikipiki. Kampuni kama Zembo, Gogo na Spiro zimewazoesha waendesha bodaboda wa Kampala utaratibu wa kubadilishana betri: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unaondoka kwa dakika chache. Uzuri wake ni kwamba pikipiki huuzwa bei nafuu kwa kuwa betri si yako, na uzee wa betri ni mzigo wa kampuni.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza ni bei ya kubadilisha. Ukiambiwa, tuseme, shilingi 6,000 kwa betri inayokwenda kilomita 50, basi kilomita 100 ni shilingi 12,000. Umeipita petroli! Gawanya bei kwa kilomita halisi ukiwa na abiria, si kilomita za kwenye karatasi ya matangazo.

La pili ni kituo. Betri hizo haziingiliani: ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya ile. Usilipe hata shilingi ya kwanza kabla hujaona kwa macho yako kituo kinachofanya kazi kwenye njia yako, na kabla hujajua kingine kiko wapi hicho kikiharibika. Nairobi ilitoa funzo. NopeaRide, iliyoanza mwaka 2018 kubeba abiria kwa magari ya umeme, ilifunga shughuli mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya kampuni mama ya Finland kufilisika. Magari yalikuwa mazuri na abiria walikuwepo. Kwa hiyo muulize muuzaji wako: ninyi mkifunga, chombo changu kitakula umeme wa nani?

Mpaka una sheria zake

Msomaji anayevuka Mpondwe kila wiki ana maswali ya ziada. Uganda tunaendesha kushoto, Kongo ni kulia. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa pande zote mbili, lakini hakikisha bima yako inataja chombo cha umeme na betri yake. Pikipiki ya mkopo au ya betri ya kukodi inaweza kuzuiwa na mkataba isitoke nje ya nchi, hivyo soma mkataba kabla hujafika kwenye daraja. Kwa wengi, njia ya busara ni ile wanayoitumia tayari: chombo kinaishia Mpondwe, mzigo unavuka, na mwenzako wa Kasindi anaupokea.

Kumbuka na milima. Njia za Kyondo, Ihandiro na Kyarumba zina mawe, na betri ya gari iko chini ya sakafu. Jiwe moja linaweza kugharimu kuliko injini. Faida ipo pia: gari la umeme likishuka mlima na mzigo wa kahawa, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Ila usilijaze kama lori. Watu wanne na mizigo ya kiasi ndiyo kazi yake.

Na kwa mji uliofurikwa na mto Nyamwamba mwaka 2013 na tena 2020, epuka kabisa gari au pikipiki ambayo betri yake imewahi kuzama. Mvua haina neno, lakini kuzama ni kitu kingine.

Hesabu ya mwisho

Tuseme gari la umeme limezidi la petroli kwa shilingi milioni 12. Anayeendesha kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anaokoa kama shilingi 560,000. Tofauti itarudi chini ya miaka miwili, na betri nzuri bado itakuwa na uhai.

Anayeendesha siku mbili tu za soko kwa wiki anaokoa kama shilingi 200,000 kwa mwezi. Tofauti ile ile itamchukua karibu miaka mitano, na gari lililokuja likiwa mtumba litakuwa limepoteza vipande vingine vya betri kabla ya deni kwisha. Huyo atabaki na mkopo na gari lisilofika Bwera.

Kwa hiyo umeme unamfaa zaidi anayetembea kila siku, kwenye umbali unaojulikana, na anayelala penye soketi yake. Kama wewe ni huyo, nenda ukalijaribu gari siku nzima likiwa na mzigo wako mwenyewe, hesabu vipande kwenye dashibodi, kisha ndipo ukae na watu wa SACCO. Kama si wewe, tengeneza lako la petroli, weka akiba, na wasubiri wanaotangulia. Chaja zikifika Kikorongo na Bwera, hesabu hii itabadilika, na utakuwa na fedha mkononi badala ya deni.